Mali Bila Daftari: Kupanga Chumba Mtaani Ukiwa Chuoni

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ndani ya bwalo la shule. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, aliniachia uhuru wa kuchagua mada. Wenzangu walionitangulia katika miaka iliyopita walizungumza juu ya mambo makubwa: uongozi, uzalendo, maendeleo ya taifa. Mimi leo nimekuja na jambo dogo, nalo ni chumba. Nina maana ya chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye mlango mmoja na dirisha moja, ambacho mwanafunzi wa chuo hukipanga mtaani anapokosa nafasi bwenini.

Naona baadhi yenu mnacheka. Chekeni, lakini sikilizeni. Katika chumba cha namna hiyo nilifanya kosa kubwa kuliko yote niliyofanya katika miaka yangu ya masomo, na aliyeumia kwa kosa hilo ni mtu ambaye katika shule hii tulilala kitanda kimoja cha ghorofa kwa miaka miwili, yeye juu, mimi chini. Yumo humu bwaloni. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika hotuba hii, naye akanijibu, "Sema yote, usipunguze." Basi sitapunguza.

Kwanza niwaeleze hali yenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Wazee wetu mliosoma pale zamani mnatusimulia kwamba mwanafunzi alipewa chumba, kitanda na chakula kwa gharama ya serikali, na kazi yake ikawa moja tu, kusoma. Hali hiyo ilikwisha. Katika miaka ya 1990 tuliingia katika utaratibu wa kuchangia gharama, na idadi ya wanafunzi ikapanda kuliko mabweni yalivyoweza kupanda. Mwaka 2004 ilitungwa sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na mwaka 2005 Bodi ikaanza kazi. Tangu hapo mwanafunzi mwenye mkopo hupewa fedha za chakula na malazi azitumie mwenyewe. Wanafunzi huziita bumu, na jina hilo linazifaa, maana hufika kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo.

Mwaka 2017 yalifunguliwa pale Mlimani mabweni mapya ya wanafunzi 3,840. Yamesaidia sana. Hata hivyo wako wengi ambao kila jioni hushuka kilima kwenda kulala Mlalakuwa, Survey, Changanyikeni, Msewe, Makongo, Sinza na kwingineko. Kwa hiyo ninyi vijana mlioko mbele yangu, wengi wenu mtakuwa wapangaji kabla hamjawa wahitimu. Shule hii inawafundisha hesabu, fizikia na historia. Upangaji haumo katika mtaala.

Mimi nilifika Mlimani mwaka 2006. Mwaka wa kwanza nilipata bweni. Mwaka wa pili, Oktoba 2007, niliisoma orodha ya waliopata vyumba mara tatu, na mara zote tatu jina langu halikuwamo. La mwenzangu pia halikuwamo. Wiki tatu za mwanzo tulibebwa. Asiyelijua neno hilo nimweleze: mwenye kitanda humpokea asiye na kitanda, wakalala wawili mahali pa mmoja, huyu kichwa huku na yule kichwa kule. Ni ukarimu mkubwa, lakini wahenga walikwisha kusema kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tukashika jembe letu, tukaenda mtaani kutafuta chumba.

Tulimpata dalali mmoja karibu na kituo cha Mwenge. Alitutoza shilingi 5,000 za kutuonyesha, akatupeleka kwenye chumba kizuri chenye sakafu ya vigae na feni darini. Akasema kuna watu wengi wanakitaka, kwa hiyo tutoe shilingi 20,000 za kukishika. Tukatoa. Kesho yake tulipofika na kodi mkononi tukakuta vijana wengine wanne mlangoni, kila mmoja amekwisha kukishika chumba kile kile. Mwenye chumba, aliyekuwa akiishi humo na mkewe, alitoka na taulo kiunoni akatuuliza kuna msiba wa nani. Hakuwa na habari yoyote ya kuhama.

Chumba tulichopata mwishowe tulionyeshwa na mama mmoja wa genge tuliyekuwa tukinunua kwake nyanya na vitunguu, wala hakututoza hata senti. Kilikuwa Mlalakuwa, katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo, bafu na jiko. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, mtu mzima, ambaye kila alfajiri alifagia uwanja mwenyewe ingawa wapangaji tulikuwa na zamu. Kodi ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na alitaka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 150,000. Tukatoa 75,000 mimi na 75,000 mwenzangu. Mkataba uliandikwa katika daftari lake, ukurasa mmoja. Aliuliza, "Niandike jina la nani?" Mimi ndiye niliyekuwa karibu na meza. Nikasema, andika langu.

Naomba muukumbuke ukurasa ule.

Miezi sita ya kwanza tuliishi vizuri. Tulijifunza mambo ambayo bwenini hayapo. Tulijifunza kwamba mita moja ya LUKU kwa vyumba sita ni shule ya siasa. Kila chumba kilichanga sawa, mpaka tulipogundua kwamba jirani yetu wa chumba cha tatu alikuwa na jokofu na alikuwa akiuza barafu kwa watoto wa mtaa mzima kwa umeme wetu. Kikao kilifanyika uani, Bibi akiwa mwenyekiti, ikaamuliwa alipe sehemu mbili. Tulijifunza kwamba maji yakitoka saa nane usiku, mtu huamka saa nane usiku, akajaza madumu. Tulijifunza kwamba shikamoo ya asubuhi kwa mwenye nyumba ina thamani kuliko mtu anavyodhani, kwa maana siku utakayochelewa kodi, atakayekuja kukugongea ni yule yule uliyempita bila kumwamkia.

Ikaja Aprili 2008, masika. Miezi sita ilikuwa imekwisha na kodi nyingine ilitakiwa. Mwenzangu alikuwa mtu wa kubana matumizi. Wiki mbili kabla ya tarehe alinipa sehemu yake, shilingi 75,000 taslimu, nimpelekee Bibi pamoja na yangu. Hatukuandikiana chochote. Tungeandikiana nini, na sisi tumekula ugali wa sahani moja katika bwalo hili?

Yangu sikuwa nayo. Bumu lilikuwa limechelewa. Na mjini kulikuwa na simu za kamera, ndugu zangu. Kijana mmoja wa darasa letu alikuwa akiuza yake. Nikajiambia kwamba bumu litatoka wiki ijayo, nitazirudisha fedha za mwenzangu kabla hajajua, na hakuna atakayedhurika. Nikainunua simu ile kwa shilingi 70,000. Katika maisha yangu nimesikia visingizio vingi vya watu waliokula fedha za ushirika, za kijiji na za ofisi, na vyote vina maneno yale yale niliyojiambia siku ile.

Bumu halikutoka wiki iliyofuata, wala ya pili yake. Bibi akaja mlangoni jioni moja mimi nikiwa peke yangu. Akauliza kodi. Nikamwambia, "Bibi, mimi yangu iko tayari, mwenzangu ndiye hajatoa." Uongo mara mbili katika sentensi moja. Sikuwa na shilingi yangu, na mwenzangu alikuwa amekwisha kutoa.

Kesho yake Bibi alimwita mjumbe. Mwenzangu alieleza kwamba fedha alinipa mimi. Mjumbe akamwuliza kama ana karatasi yoyote. Hana. Kama kuna shahidi. Hayupo. Akafungua daftari la Bibi akakuta jina moja, langu. Kisha akanigeukia mimi akaniuliza, "Kijana, ulipokea?" Wote walikuwa wakinitazama, na mwenzangu alikuwa akinitazama bila wasiwasi hata kidogo, maana alijua nitasema nini.

Nikasema, "Sikupokea."

Godoro lake lilitolewa nje siku ile ile, na mvua ilikuwa ikinyesha. Hakupiga kelele wala hakunitukana. Alilikunja, akalifunga kwa kamba, akaenda kwa mjomba wake Mbagala. Mnaoijua Dar es Salaam mnajua umbali wa Mbagala na Mlimani, na miaka hiyo mabasi ya mwendokasi hayajaanza. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, akibadilisha daladala na kusimama njia nzima. Alikosa mihadhara mingi ya asubuhi. Mitihani ilipofika alishindwa masomo mawili, na moja kati ya hayo alilibeba mpaka mwaka wa tatu. Yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha hesabu hapa shuleni.

Bumu lilipotoka, nililipa kodi yote. Nikabaki na chumba kizima, simu ya kamera, na Bibi aliyenisifu kwa majirani kuwa ni kijana mwaminifu. Kila alipomtaja mwenzangu alimwita "yule tapeli." Nilivumilia neno hilo mpaka mwaka ukageuka. Jioni moja ya Februari 2009 alilitaja tena, akiwa amekaa uani anachambua mchele, nami nikashindwa kulimeza. Nikakaa chini, nikamweleza yote.

Hakuacha kuchambua. Alitoa mawe mawili matatu, akayatupa, akasema, "Mimi kodi yangu nimepata. Kwangu huna deni. Kwake je?" Nikanyamaza. Akasema tena, "Jumapili utanipeleka. Godoro lake nililitoa mimi kwa mikono yangu. Nami nina langu la kumwomba."

Niliiuza simu kwa shilingi 40,000, nikajinyima nikafikisha 75,000. Jumapili tukapanda daladala na yule bibi, na alikataa nimlipie nauli. Tulipofika Mbagala, yeye ndiye aliyetangulia kuomba radhi, mtu mzima kwa kijana, mbele ya mjomba mtu. Mimi nilifuata, na sikumbuki vizuri nilichosema. Mwenzangu alizipokea fedha, akazihesabu mbele yetu noti kwa noti. Kisha akaomba kalamu. Akachana karatasi katika daftari la mihadhara, akaandika kwamba amepokea kutoka kwangu shilingi 75,000, fedha zake za kodi ya Aprili 2008. Akatia sahihi, Bibi akatia yake kama shahidi, akanipa.

Karatasi hiyo hii hapa. Ndiyo karatasi ambayo mimi ningempa mwaka mmoja kabla, na ambayo ingemwokoa.

Ndugu vijana, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata urafiki bila daftari huweza kupotea, na habari ikabaki. Wengi hudhani kumwandikia rafiki risiti ni kumtilia mashaka. La hasha. Ni kumkinga rafiki na udhaifu wako mwenyewe siku ambayo hujawahi kuiona. Mimi sikuwa mwizi nilipotoka shule hii. Nilikuwa mtu mwenye fedha za mwenzake mfukoni na hakuna anayeziona.

Baada ya hayo, nichukue dakika chache kutoa mashauri.

Kwanza, tafuteni mapema. Anayetafuta chumba wiki ambayo vyuo vinafunguliwa hutafuta pamoja na maelfu, na dalali analijua hilo. Kuulizia kwa mama wa genge, kwa fundi cherehani, msikitini na kanisani, hakugharimu kitu.

Pili, dalali anayo kazi yake halali na ujira wake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Lakini usitoe fedha ya kushika chumba kabla hujaonana na mwenye nyumba uso kwa uso, na kabla hujauliza majirani au ofisi ya serikali ya mtaa kama kweli nyumba ni yake.

Tatu, kitazame chumba mchana. Angalia ukuta kwa chini: kama kuna mstari wa rangi ya udongo, hapo ndipo maji ya masika hufika. Fungua bomba. Uliza maji hutoka siku zipi. Uliza mita ya umeme ni ya wangapi, na nani ana jokofu. Angalia nondo za dirisha na nyavu za mbu. Ukihamia, badilisha kitasa, maana hujui funguo za zamani ziko mifukoni mwa nani.

Nne, mkataba. Uandikwe majina ya wapangaji wote wanaolipa, si ya aliye karibu na meza. Uandikwe kiasi cha kodi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kuanza na ya kuisha, nani atatengeneza kikiharibika kitu, na notisi ni ya muda gani. Kila mmoja awe na nakala yake. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008, nayo siku hizi huacha kumbukumbu yenye tarehe na saa. Mnaochangia chumba, tumianeni kwa njia hiyo hata kama mmekaa kitanda kimoja.

Tano, bumu likitoka, kodi kwanza. Chakula kinaweza kuwa maharage mwezi mzima, na wala hamtakufa, bwalo hili limekwisha kuwazoeza.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, ninalo ombi kwa chama chetu. Tunachangishana kila mwaka kwa rangi ya madarasa na jezi za mpira, na ni vizuri. Lakini kila Oktoba vijana wa shule hii hushuka na masanduku yao katika stendi ya Magufuli pale Mbezi, na katika stendi za Dodoma, Morogoro na Mwanza, wakiwa hawamjui mtu. Kijana asiye na pa kulala usiku wa leo hulipa chochote kwa yeyote. Naomba Katibu aweke orodha ya wanachama walio tayari kumpokea kijana mmoja kwa wiki mbili tu, ili atafute chumba kwa utulivu. Jina langu liwe la kwanza. Chumba ninacho. Naomba pia kila anayemaliza kidato cha sita apewe, pamoja na cheti chake cha kumaliza, karatasi moja yenye mfano wa mkataba wa upangaji.

Bibi yule alifariki mwaka 2015. Tulikwenda kumzika mimi na mwenzangu, tukasimama upande mmoja wa kaburi.

Na mwenzangu mwenyewe, kwa kuwa amenikubalia, nitamtaja kwa cheo. Ni Mweka Hazina wa chama hiki. Wanachama mnaonung'unika kila mwaka kwamba Mweka Hazina hatoi hata shilingi mia bila stakabadhi yenye sahihi mbili, leo mmejua sababu. Msimlaumu. Nilaumuni mimi.